Boma la Kale la Bandarini

Msomaji wa pwani aliyepata kusafiri kwenda Sengerema kabla ya mwaka 2025 anaijua Busisi. Basi lilitoka Mwanza mjini likafika Kigongo, na hapo safari ikasimama. Magari yakapanga mstari, abiria wakashuka, na kila mtu akangoja kivuko. Kandokando ya maji palikuwa na mama lishe, wauza samaki wa kukaanga, wauza mahindi ya kuchoma na vijana wenye mifuko ya karanga. Wote wale walikula riziki kwa sababu watu wengine walilazimika kungoja. Tarehe 19 Juni 2025 likafunguliwa daraja la urefu wa kilomita 3, lililopewa jina la marehemu Rais John Pombe Magufuli, na sasa gari huivuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache tu. Ni neema kubwa, hasa kwa mgonjwa anayekimbizwa hospitali usiku. Lakini bandari ndogo ya Busisi imepoteza kazi yake kwa siku moja.

Nimeianza makala hii ziwani, hali ya kuwa wengi wetu tu watu wa bahari ya chumvi, kwa sababu huko jambo hili limetukia mbele ya macho yetu. Sisi wa pwani tulilipata zamani, na kwa kuwa ni zamani twalisahau. Bandari huzaliwa, hukua, hufa. Inapokufa watu huifuata riziki inakokwenda, wala hapana wa kuwalaumu. Nyuma yao hubaki majumba: ghala, ofisi ya ushuru, nyumba ya mkubwa wa bandari. Je, yafanywe nini?

Hebu, ndugu msomaji, tulitazame moja katika hayo. Liko Dar es Salaam, katika Barabara ya Sokoine, limeelekea bandarini, si mbali na gati la boti ziendazo Unguja. Ni jumba la ghorofa moja juu ya chini, la kuta nene za mawe, lenye mlango wa nakshi kama ya kwetu Unguja na Lamu. Jina lake ni Boma la Kale. Maelfu hulipita kila siku na mizigo yao, na ukimwuliza mpita njia atakujibu, "Hilo ni jengo la Mjerumani."

Si la Mjerumani. Lilijengwa mwaka 1866 na 1867 kwa amri ya Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, kabla Mjerumani hajatia mguu wake hapa kutawala. Sayyid Majid alirithi kiti mwaka 1856 alipofariki baba yake, Sayyid Said. Alikuwa na taabu ya ndugu waliomgombea ufalme, na taabu ya makonsuli wa kigeni waliomkalia karibu mno pale Unguja. Akaiona bandari iliyojificha karibu na kijiji cha Mzizima, yenye maji ya kina na mlango mwembamba, iliyokingwa na pepo zote mbili, kaskazi na kusi. Akaamua kujenga mji hapo na kuuita jina ambalo kila Mwislamu analielewa bila ya mkalimani: nyumba ya amani, bandari ya salama. Akajenga kasri lake, na karibu na kasri akajenga nyumba ya wageni. Nyumba hiyo ya wageni ndiyo Boma la Kale.

Laiti ningeweza kuishia hapo nikasema: basi, lile ni letu, tujivune! Lakini mwenye kuandika historia kwa ajili ya Waislamu hana ruhusa ya kuficha nusu yake. Mji ule ulijengwa kwa mikono ya watumwa, na mashamba yaliyouzunguka yalilimwa na watumwa. Forodha ya Zanzibar, iliyoujaza mfuko wa Sultani na kumwezesha kujenga, ilitoza ushuru juu ya karafuu, pembe, gundi ya sandarusi, na juu ya wanaadamu pia, kwa kichwa. Hali hiyo iliendelea mpaka mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ulipofunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Waliokuwa wakihesabiwa pale forodhani walikuwa watoto wa watu, na wengine wao walikuwa wamechukuliwa njia moja na pembe za ndovu kutoka bara.

Njia hiyo ndiyo iliyotuunga sisi na watu wa Ziwa. Katika nchi ya Uzinza, ambayo Sengerema ni sehemu yake, wahunzi wa Kirongo walifua majembe ya chuma yaliyouzwa hata Usukuma na kutolewa mahari. Pembe za nchi hizo zilishuka kwa mabega ya wapagazi mpaka Tabora, kisha Bagamoyo, kisha kwa jahazi mpaka forodha ya Unguja, zikapimwa kwa frasila. Watu wetu nao walipanda. Yuko mfanyabiashara wa pwani aitwaye Songoro, aliyeweka makao Kageye, upande wa kusini wa Ziwa, katika miaka ya 1870, akaunda jahazi huko, mbali na bahari kwa mwendo wa miezi. Aliuawa katika fujo za Ukerewe mwezi wa Disemba 1877, pamoja na wamisionari wawili wa Kiingereza. Nyumba nyingi za Waislamu wa kandokando ya Ziwa leo ni matunda ya njia ile ile, njia iliyopitisha dini na biashara na minyororo kwa pamoja. Haifai kuchagua kimoja katika vitatu na kukana viwili.

Sayyid Majid hakuishi kuuona mji wake. Alifariki mwaka 1870. Nduguye Sayyid Barghash hakuutaka. Akairudisha nguvu yote Unguja, na Dar es Salaam ikaanza kumea majani. Kasri likabomoka. Nyumba ya wageni ikabaki imesimama bila ya wageni, na walipokuja walikuwa wageni wa namna nyingine.

Hapa yapasa tulifahamu neno forodha, kwa kuwa vita vikubwa vya pwani yetu vilianza forodhani. Kwa miaka mingi ya karne ya 19 masultani hawakukusanya ushuru wenyewe, waliikodisha forodha. Mkodishaji aliyedumu sana alikuwa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kutch. Yeye alimlipa Sultani fedha maalumu kila mwaka, na kilichozidi kikawa chake. Mapatano na Wamarekani ya mwaka 1833 yaliweka ushuru wa bidhaa zao kuwa asilimia 5. Sultani alipata fedha bila ya usumbufu. Lakini mtu akizoea kuukodisha mlango wa nyumba yake, iko siku atakuja mpangaji atakayeitaka nyumba nzima.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 28 Aprili 1888. Sayyid Barghash alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla, na nduguye Sayyid Khalifa alikuwa mgeni wa kiti. Akatia saini mkataba wa kuikodisha pwani yote ya Mrima, toka Mto Umba mpaka Ruvuma, kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, kwa miaka 50. Kampuni ilikuwa na kituo chake Dar es Salaam tangu mwaka 1887. Sasa ikapewa forodha zote. Katika karatasi, kazi ilikuwa kukusanya ushuru kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Katika vitendo, mwezi wa Agosti vijana wa Kampuni waliteremka katika miji ya pwani na bendera yao wenyewe.

Yaliyotokea Pangani yanastahili kukumbukwa na kila nyumba ya pwani. Ofisa wa Kampuni aliyepelekwa huko aliitwa Emil von Zelewski. Baadaye watu wa bara walimwita Nyundo. Liwali wa Pangani, Abdulgawi bin Abdallah, hakukubali kuwa chini yake bila ya amri ya Sultani mwenyewe. Zelewski akaleta askari wa manowari. Zilikuwa siku za Idd ya kuchinja ya mwaka 1305 wa Hijra. Katika kumtafuta liwali waliingia msikitini na viatu vyao, na imesimuliwa kuwa na mbwa pia waliingia. Bendera ya Sultani ikateremshwa kwa nguvu.

Mwanzoni mwa Septemba Pangani ikawaka. Wajerumani wakafungiwa ndani ya nyumba yao wenyewe, hata ilibidi jemadari wa Sultani, Mwingereza Lloyd Mathews, aje kuwaokoa. Bagamoyo ikashambuliwa, na Kilwa wakauawa Wajerumani wawili. Abushiri bin Salim al-Harthi akawa kiongozi, na Bwana Heri kule Saadani naye akasimama. Katika vita ile dhulma haikuwa ya upande mmoja tu. Mwezi wa Januari 1889 misheni ya Pugu ilivamiwa, na watu wa dini ambao hawakuwa na forodha wala bendera waliuawa. Hilo haliwi halali kwa sababu ya viatu vilivyoingia msikitini.

Dar es Salaam haikutoka mikononi mwa Wajerumani, kwa kuwa mizinga ya manowari iliilinda. Ujerumani ikamleta Hermann Wissmann na jeshi la kukodi. Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Disemba 1889. Bwana Heri akasalimu amri mwaka uliofuata. Mwaka huo huo wa 1890 Sultani, wakati huo Sayyid Ali bin Said, alilipwa maki milioni 4, na pwani iliyokuwa ya kukodi ikawa imeuzwa. Zelewski alikutana na mauti yake Lugalo mwezi wa Agosti 1891, mikononi mwa jeshi la Mkwawa.

Basi nyumba ya wageni ya Sayyid Majid ikawa boma, yaani mahali pa amri. Tangu Januari 1891 ilitawala serikali yenyewe ya Kijerumani badala ya Kampuni, na makao yakahamishwa kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam. Sababu ilikuwa bahari tu. Bagamoyo maji ni haba. Meli kubwa hutia nanga mbali na mzigo huletwa kwa mashua. Hata hivyo Wajerumani walijenga Bagamoyo forodha mpya mwaka 1895 wakidhani misafara haitakoma. Disemba 1901 reli ya Waingereza kutoka Mombasa ikafika Kisumu. Toka hapo ngozi na karanga za Mwanza na Bukoba zikapanda meli kuvuka Ziwa, zikaenda Mombasa kwa siku chache. Mpagazi hakuhitajiwa tena. Kisha reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Na tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928, wakati wa Mwingereza. Bagamoyo ikapatwa na yale yaliyoipata Busisi juzi.

Boma la Kale likaendelea kutumika. Mjerumani akaondoka mwaka 1916, Mwingereza akaja, kisha Uhuru. Kila serikali ilikuwa na makarani wake na mafaili yake, na kuta zikawavumilia wote. Lakini kwa muda mrefu lilichakaa. Ilipofika miaka ya 2010, Chama cha Wasanifu Majengo Tanzania, pamoja na Halmashauri ya Jiji na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya, walilitengeneza na kulifanya kituo cha urithi wa majengo ya Dar es Salaam, chenye maonyesho ya historia ya mji. Wajukuu wa wale waliolitwaa wamesaidia kulitengeneza. Wapo watakaocheka. Mimi naona ni haki iliyocheleweshwa, na haki iliyocheleweshwa hupokelewa.

Nataka kukaa kidogo juu ya ile kazi ya kutengeneza, kwa sababu inazihusu nyumba zetu wenyewe. Ukuta wa pwani umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Wazee waliyapanga mawe ya matumbawe juu ya magogo, wakayachoma mchana na usiku mpaka yakawa meupe, kisha wakayamwagia maji na kuiacha chokaa muda mrefu ipate kuiva. Dari ilikuwa ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba, hata katika nyumba ya Sultani. Ukuta kama huo hupumua. Unyevu na chumvi hupanda kutoka ardhini na kutoka nje kupitia chokaa. Chokaa ikichakaa, hubanduliwa ikapakwa nyingine.

Tangu saruji ilipoenea, hasa baada ya kiwanda cha Wazo Hill kuanza kazi mwaka 1966, tumekuwa tukiziba kuta hizo kwa saruji, tukidhani twaziongezea nguvu. Kumbe twazinyonga. Saruji huufungia unyevu ndani, chumvi hukusanyika, jiwe huliwa kimya kimya nyuma ya plasta iliyo laini na nzuri kwa macho. Mwaka wa kumi au wa ishirini ukuta hutoka tumbo, na mwenye nyumba husema ni uzee. Wangapi kati yetu wamewarithi wazee wao nyumba ya mawe, wakaanza kwa kugombana juu ya mafungu, wakaiacha miaka saba bila ya dari, kisha wakaiuza kwa thamani ya kiwanja?

Na gharama si ya mawe peke yake. Beit al-Ajaib ya Unguja, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ilikuwa kasri, kisha ofisi ya serikali ya Mwingereza, kisha, baada ya Mapinduzi, ikafanyiwa kazi nyingine, na hatimaye makumbusho. Tarehe 25 Disemba 2020, wakati ikitengenezwa, sehemu kubwa ya mbele yake na mnara wake wa saa ikaanguka. Mafundi wawili wakafa chini ya kifusi. Mwenyezi Mungu awarehemu. Walitoka asubuhi kutafuta riziki ya halali, wakalipia kwa roho zao uzembe wa miaka mingi ambao haukuwa wao.

Sehemu nyingine majumba ya namna hii yamepewa kazi mpya. Boma la Mikindani, walilolijenga Wajerumani mwaka 1895, lilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na shirika la hisani la Uingereza, likawa hoteli na mahali pa kuwafundishia vijana wa hapo kazi ya hoteli. Unguja, Forodha ya Kale iliyoko ufukoni iliingia mwaka 2002 chuo cha muziki wa nchi za jahazi, yakasikika humo udi na qanuni. Msomaji atakayesema kuwa angependa chuo cha Qur'ani kuliko cha muziki ana haki ya kusema, nami nisingependa kumpinga. Ila namwuliza: jumba lilipokuwa tupu na paa lake likivuja, sisi wenye chuo cha Qur'ani tulikuwa wapi? Babu zetu waliweka nyumba wakfu, na mapato ya nyumba moja yakaendesha msikiti, kisima na posho ya mwalimu. Elimu hiyo tunayo vitabuni.

Wengine hukataa kabisa. Husema: majumba haya yalikuwa ya ushuru wa dhulma na hukumu za dhulma, yaachwe yaanguke. Nimeifikiri sana hoja hii, kwa kuwa inatoka katika moyo ulioumia. Siikubali. Jiwe halikumdhulumu mtu. Na jumba likianguka, la kwanza kupotea ni ushahidi wa aliyedhulumiwa. Mdhalimu ameacha barua zake na hesabu zake Berlin na London, zimehifadhiwa vizuri. Mpagazi wa Kizinza, mtumwa aliyebeba matumbawe ya Sayyid Majid, mwanamke wa Pangani aliyeiona Idd yake ikivunjwa, hawakuacha karatasi. Wameacha kuta. Ninachokitaka, katika Boma la Kale na mengineyo, ni kwamba mtoto anayeingia aambiwe yote: nani aliamuru, nani alibeba, nani aliuza na nani aliuzwa. Hoteli isiyosimulia hayo, hata ikiwa na maji ya moto vyumbani, imelitengeneza jumba nusu.

Huko Busisi hakuna kasri wala boma la kulinda; ni gati na eneo la magari tu. Lakini manahodha na makuli wa kivuko wangali hai. Wanajua ni mwezi gani upepo ulikuwa mbaya, nani alizaliwa akisubiriwa kuvuka, nani alifariki katika mstari wa magari. Mwalimu wa madrasa wa Sengerema mwenye daftari na kalamu angeweza kuyaandika hayo katika likizo moja ya Ramadhani.